Mbwa wa Nakonde Aliyepewa Kazi Niliyonyimwa

Mzee Makene Ndalahwa,
Chumba cha uani,
Mtaa wa Majengo,
Tunduma.
Agosti 2007.

Kwa Ndugu Gibson Nzunda,
Msimamizi wa Maegesho ya Malori,
Nyumba hiyo hiyo, chumba cha mbele,
Tunduma.

YAH: MBWA KUTOKA NAKONDE KUAJIRIWA MAHALI PANGU

Ndugu Msimamizi,

Mimi ninayeandika ni mzee wa miaka sabini na nane. Nilizaliwa Maswa mwaka wa nzige, na nzige wale wote nimewazika. Nimewazika machifu, nimemwona Mwingereza akifunga mizigo yake, nimeliona duka la kaya likifunguliwa na nimeliona likifungwa. Nimemzika na daktari aliyemwambia mke wangu Nyanzobe kwamba sitaiona masika. Masika niliiona. Daktari ndiye hakuiona. Kwa hiyo ujue barua hii haijaandikwa na mtu wa kuanguka ovyo.

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Kusoma nilijifunza ukubwani, elimu ya watu wazima, ndani ya ghala la pamba, na mwalimu alisema mbele ya darasa zima kwamba hajawahi kuona mtu kama mimi. Herufi zikilala upande, kosa ni la meza, maana meza yangu ni tairi la Scania.

Unaweza kushangaa kwa nini nakuandikia wakati kati ya kitanda changu na chako kuna ukuta mmoja tu, na hata sasa nakusikia unakohoa. (Chemsha tangawizi.) Sababu unaijua. Umemuoa binti yangu Shani, na kwetu Usukumani mtu na mkwewe hawali pamoja, hawashikani mikono, hawabishani, na baba wa mke haombi wala hapokei kwa mkwewe kitu cha kutia tumboni. Ninyi Wanyiha wa Itaka mna taratibu zenu, nimezisikia, ni nzuri kwa Wanyiha. Ndiyo maana barua hii naileta kwa cheo chako cha kazini. Kama Msimamizi, soma kila neno. Kama mkwe, tafadhali hujaiona.

Mimi na Nyanzobe tulikuja hapa Tunduma baada ya ng'ombe wetu wote kuisha kwa ugonjwa wa ndigana kule bondeni Kamsamba. Shani akasema njooni kwetu. Nikaja. Lakini nilikuja kama mtafuta kazi, sikuja kama mgeni. Mgeni hula cha mwenyeji, mtafuta kazi hula jasho lake. Sasa malalamiko yangu ni haya, na nimeyapa namba ili Timotheo, karani wako, asiyachanganye kama anavyochanganya malori.

1. Kwamba nilinyimwa kazi ya mkokoteni.

Asubuhi yangu ya kwanza nilikwenda mpakani nimevaa koti. Vijana wa mikokoteni wakaanza, "Babu, umekuja kubeba au kubebwa?" Nikawaeleza kwamba nimewahi kuvuka mto Momba na ndama shingoni, na mamba akanipisha. Wakanipa mkokoteni wenye magunia ya mchele, wakasema peleka ng'ambo tukuone.

Ndugu Msimamizi, mtu aliyechunga tangu utoto hatembei mbele ya anachokichunga. Anatembea nyuma na fimbo yake, anaangalia. Basi nikautanguliza mkokoteni, nikauachia, nikafuata nyuma kwa utulivu. Pale pana mteremko. Mkokoteni ulikwenda vizuri sana, sikuuchapa hata mara moja. Ukampita askari, ukapita kizuizi, ukaingia Zambia, ukasimama wenyewe kwa mama muuza vitumbua. Mimi mwenyewe ndiye niliyekamatwa mkono nikaulizwa karatasi.

Nauliza: mzigo ulifika ng'ambo au haukufika? Ulifika. Tena ulifika kabla ya mikokoteni yote. Lakini kazi sikupewa, na mama wa vitumbua hadi leo akiniona ananyanyua meza yake.

2. Kwamba nilinyimwa kazi ya kuita abiria stendi.

Pale niliona vijana wanapiga kelele mpaka mishipa inawatoka, "Vwawa, Mlowo, Vwawa!" na abiria wanapita tu wanakula mahindi. Nikawaambia hivyo sivyo kundi linavyoitwa. Nikapiga mluzi wa kwetu, ule wa jioni, wa kurudisha kundi zizini. Kweli, abiria hawakuja. Lakini kulikuwa na mbuzi wa mtu pale pembeni wanasubiri kupelekwa mnadani, na wale mbuzi walipanda basi wote. Walipanda kwa foleni, bila kusukumana, na dume lao likakaa karibu na dereva. Ni lini stendi ya Tunduma ilijaza basi upesi hivyo? Kondakta, badala ya kunishukuru, aliniuliza kama nimetumwa na kampuni nyingine.

3. Kwamba nilinyimwa kazi hapa hapa, kwenye maegesho yako, nyuma ya nyumba ninayolala.

Nilisikia madereva wanalalamika kwamba wakingojea karatasi zao za forodha wanaibiwa dizeli. Nikajua kazi yangu ndiyo hii. Wewe ulikuwa umekwenda Mbeya. Nikaenda kwa Timotheo dirishani. Akaniuliza, "Mzee, una uzoefu?" Nikamwambia nimelinda zizi tangu babu yake hajaoa, na simba wa Maswa walikuwa wananijua kwa jina. Akasema, "Hapa hatuna simba, mzee. Hapa tuna wanyonya mafuta." Nikamwambia simba hanyonyi mafuta, lakini mwendo wao ni ule ule, wote huja wameinama. Akataka cheti cha darasa la saba. Nikamweleza habari za ghala la pamba. Akataka barua ya mjumbe.

Nikaenda kwa mjumbe. Mjumbe akasema, "Mzee wangu, wewe ni mgeni, sikufahamu. Niletee mtu wa hapa anayekufahamu aje akudhamini." Mtu wa hapa anayenifahamu ni mmoja, na ni wewe, na wewe ni mkwe, na mkwe haombwi. Nikamwambia mjumbe ngoja kwanza. Mpaka leo anangoja.

4. Hapa nafika kwenye jambo zito, na hapa nakukumbusha tena kwamba kama mkwe hujaiona barua hii.

Nyanzobe anakula jikoni na binti yake, kwa kuwa mila ya wanawake ina mlango wa nyuma. Yangu haina mlango. Mimi tangu siku ya kufika nilitangaza kwamba nimeshiba. Ulikuwa ukirudi kazini unauliza, "Baba ameshakula?" Shani anajibu, "Baba ameshiba." Basi nikawa nashiba asubuhi, nashiba mchana, nashiba jioni, mpaka Fides, mama ntilie wa pale getini, akaniita mbele ya madereva: "Babu, mbona mkanda umefika tundu la mwisho? Lete nikutobolee jingine!" Wakacheka. Nikamjibu kwamba katika ukoo wetu wazee wote ni wembamba, ni dalili ya akili. Akasema, "Basi, babu, wewe umebakiza kidogo tu uwe profesa."

Lakini Shani ni binti yangu, na akili kaitoa kwangu. Akaanza kila jioni kuweka sahani kwenye dirisha la uani na kusema kwa sauti ili nyumba nzima isikie, "Hiki ni cha mbwa!" Kisha anafunga dirisha.

Nyumba hii haikuwa na mbwa. Haikuwahi kuwa na mbwa.

Mimi nikitoka kunyoosha miguu, nikakuta chakula cha mbwa ambaye hayupo, nilikuwa nakiondoa kisiharibike. Mila haikupata hata ufa. Mkwe hakumlisha mkwe. Mkwe alimlisha mbwa, na mbwa hakutokea. Huo ni mpango ambao hata wazee wa Maswa wangekaa wakautazama kutwa nzima wasione pa kuingizia fimbo.

5. Kwamba wewe ukamleta mbwa.

Sikulaumu. Kila jioni ulimsikia mkeo akimtaja mbwa, ukadhani anamtamani. Ni dalili ya mume mwema. Basi ukavuka barabara kwenda Nakonde, upande wa Zambia, ukarudi na mbwa wa kahawia mwenye sikio moja pungufu, umemshika kamba, umekenua meno yote kwa furaha: "Shani, mbwa wako huyu hapa!" Nilimwona Shani uso wake. Nikajiona na mimi, kwenye kioo cha Fuso.

Jioni ile sahani ikawekwa dirishani. Shani, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba, akasema, "Hiki ni cha mbwa." Na mbwa akatokea.

6. Kwamba mbwa huyo kesho yake akaajiriwa.

Naomba unielewe vizuri. Mimi ni Mtanzania, nimelipa kodi ya kichwa wakati ingali inaitwa kodi ya kichwa. Yeye ni Mzambia. Amefika juzi juzi tu. Hakupita uhamiaji, maana nilikuwepo, alipita kwenye nyasi kando ya choo. Hana uzoefu. Darasa la saba hajalisikia. Mjumbe hakuitwa. Timotheo yule yule aliyenitaka vyeti akamkuna kichwa akasema, "Huyu anafaa," na akampa kibanda cha mlinzi chenye bati jipya!

Na lugha? Kiswahili hajui. Ukimwambia kaa, anakutazama kama karani. Mpaka umwambie "ikala", kwa Kibemba, ndipo anakaa. Ukimwambia njoo, haji mpaka asikie "isa kuno". Sasa wapagazi, madereva na Fides mwenyewe wanajifunza Kibemba ili waongee na mlinzi. Mimi ambaye Kiswahili changu nimekisomea, sina kazi.

Halafu jina lake. Anaitwa Mwaiseni, na Fides ameniambia kwamba kule ng'ambo neno hilo ndilo wanalomkaribishia mgeni mlangoni. Ndugu Msimamizi, ni zizi gani duniani lenye mlinzi anayeitwa Karibuni? Mwizi akija ameinama na debe lake, akasikia watu wanamwita mlinzi kwa jina hilo, afanye nini kama si kuingia?

7. Kwamba kazi yenyewe haiwezi.

Nimemchunguza, maana sina kazi nyingine. Mchana analala chini ya tela. Akisikia harufu ya kapenta, wale dagaa wa kwao, anatingisha mkia hata kama aliyewabeba ana mpira wa kunyonyea mafuta mkononi. Wazambia anawalamba, Watanzania anawabwekea. Ayoub, dereva wa lori la saruji liendalo Kongo, alizuiwa kupanda lori lake mwenyewe. Akabaki juu ya ngazi analia, "Babu, nisemee na huyu mwenzako!" Nikaja, nikasema isa kuno, mbwa akaja. Kwa hiyo nani alilinda? Nani alifungua njia? Mimi kazi naifanya, mshahara anakula yeye. Na neno "mwenzako" nalileta kwako rasmi, kwa sababu Ayoub hakukosea. Sisi ni wahamiaji wawili tuliofika mji mmoja. Mmoja alipokewa kwa kibanda, mwingine kwa maswali.

8. Kuhusu sifa zangu ukizilinganisha na zake.

Miguu anayo mingi, hilo silibishi. Pua pia amenizidi. Meno yangu yamebaki machache, lakini mlinzi anayefikia kung'ata ni mlinzi aliyechelewa. Mimi nikikohoa tu mwizi anajua kuna mtu mzima. Yeye akikohoa wanasema kala mfupa. Mimi nasimulia habari, madereva hawalali. Sina viroboto. Siwezi kugongwa na Fuso, maana nilishagongwa na moja Kamsamba na ikaharibika taa.

Kwa hayo yote, naomba yafuatayo:

Kwanza, mbwa asimamishwe kazi na arudishwe kwao kwa heshima. Nitamsindikiza mwenyewe hadi kizuizini, na safari hii nitatembea mbele.

Pili, niajiriwe mimi kwa masharti yale yale aliyopewa yeye, yaani kibanda, pamoja na sahani ya jioni dirishani. Angalia vizuri jambo hili, Ndugu Msimamizi, maana nimeliwaza kwa siku nyingi. Ugali utakuwa ule ule, dirisha lile lile, mpishi yule yule. Lakini siku nikiajiriwa, chakula kile kitakuwa ujira wa mlinzi, hakitakuwa tena cha mkwe. Jasho litakuwa limepita katikati, na mila itakaa kimya.

Tatu, mnyororo sihitaji. Mimi ni mtu wa nidhamu.

Nne, Shani aache kusema "hiki ni cha mbwa", aseme "hiki ni cha mlinzi". Akisahau siku za mwanzo nitamvumilia.

Tano, kama kubweka ni lazima kwa mujibu wa kazi, niko tayari kujifunza. Jana nilijaribu kidogo nyuma ya matairi na Fides akasema nina sauti.

Na nisikufiche, kwa kuwa nazungumza na Msimamizi: nisipoipata kazi hii, nitarudi Kamsamba. Kule lipo zizi langu, tupu. Nitaingia nikae humo mwenyewe, angalau liwe na mtu. Nyanzobe amesema haendi, amechoka kutembea. Shani ameanza kulia jikoni na kusema ni kitunguu, na juzi tulikula mboga isiyokuwa na kitunguu. Samahani, nilitaka kusema juzi mbwa alikula mboga isiyokuwa na kitunguu, mimi niliinusa tu. Nimekwisha kufunga nguo zangu kwenye shuka. Nasubiri jibu lako, Ndugu Msimamizi, hata la mstari mmoja. Unaweza kulipitisha chini ya mlango.

Wanaoweza kuthibitisha maneno yangu ni hawa. Fides wa getini, ambaye amenitazama mkanda. Ayoub wa saruji, akirudi salama kutoka Kongo. Mama wa vitumbua wa ng'ambo, ukimuuliza kwa upole na ukiwa huna mkokoteni. Timotheo atakana, lakini mtazame macho, yatakuwa yanatazama chini.

Nisalimie wazee wako wa Itaka pamoja na kahawa yao. Msalimie mchungaji wa Mbozi Mission aliyewafungisha ndoa, mwambie yule mzee aliyekataa kukaa meza moja na bwana harusi angali amesimama. Msalimie Shani. Nyanzobe naye anakusalimu, yuko hapa pembeni ananiuliza naandika nini na mimi namwambia ni hesabu za ng'ombe.

Ni mimi, mlinzi wako mtarajiwa, nisiye na viroboto,

Mzee Makene Ndalahwa

Nyongeza: Ndugu Msimamizi, nilikuwa nimekwisha kuilamba bahasha, nikaifungua tena.

Jioni hii nilikuwa nimekaa uani na mbwa. Sikuwa nimemwalika, alikuja mwenyewe. Naomba nikiri kwa niaba yake kwamba tangu siku ya tatu amekuwa akila nusu ya sahani na kuisukuma nusu kwa pua upande wangu, na upande anaousukuma ndio wenye dagaa. Sikuliandika hilo huko juu kwa sababu halikuwa na namba.

Basi tukiwa tumekaa hivyo, dirisha halikufunguka. Ulikuja wewe. Ulikuja umegeuza uso pembeni kabisa, unatazama ukuta wa choo, kama mila inavyotaka na kuzidi, mpaka ukajikwaa kwenye jeki. Ukaweka chini sahani, kubwa kuliko ya siku zote. Ukasema, kwa ukuta, "Hiki ni cha mbwa." Kisha ukarudi ndani, ukaja tena kinyumenyume, ukaweka na birika la maji ya moto, na bakuli, na sabuni.

Mbwa hanawi mikono, Ndugu Msimamizi.

Kwa hiyo maombi yangu yote, la kwanza hadi la tano, nayafuta. Mbwa asifukuzwe. Mbwa akiondoka nyumba hii, Shani atamwekea nani sahani? Nilikuwa karibu kujifukuza mwenyewe. Mwaiseni ni mchapakazi, Kiswahili atajifunza, mimi nitamfundisha kama nilivyofundishwa. Nguo nimezifungua kwenye shuka. Barua hii nakuletea hivyo hivyo, kwa kuwa karatasi imekwisha tumika na mwandiko ni mzuri.

Nina ombi moja tu. Ukiweza, ajiri mbwa wa pili, awe mkubwa, tena mlaji sana. Na huyu uliyenaye, ingawa ni Mzambia, nimegundua anapenda sana maziwa ya mgando.